Kurasa za Profesa Syokau

Makala ya kwanza nilimpigia chapa Ngara,
kwa taipureta iliyovunjika herufi Z.
Kila Z niliijazia kwa kalamu,
ikiwamo ile ya "haikuzaliwa".
Namba, aliandika Profesa Syokau, haikuzaliwa:
kabla vilima vya Ngong havijakunja ngumi
saba ilikuwapo,
bila mtu, bila mbuzi wa kuhesabiwa.
Akalipa kwa noti, hakungoja chenji.

Miaka kumi na minne ikapita, nami nimenunua kompyuta.
Akaja na makala ya pili, na vumbi la lango la Chiromo viatuni,
alikokuwa akitazama mabawabu wakicheza drafti kwa vizibo vya soda.
"Hakuna saba," akasema. "Kuna sheria tu.
Kizibo kikifika mwisho hugeuzwa, kikawa mfalme,
kwa kuwa tumekubaliana. Tukikataa, ni bati."
Nikamuuliza: na ile ya Ngong?
"Niliiona kwa sababu niliitaka."

Wiki ile sikulala vizuri.
Mimi hula kwa kurasa. Kama namba ni mchezo,
mwenye nyumba ananidai nini?

Baadaye akawa anakuja na karatasi moja moja.
Mara kenda: "Walisema tandatu, tukasema sita;
fungate tukawaachia maharusi.
Lakini nani alilala na mbuzi kenda
akaamka na tisa, akalia kaibiwa?"
Mara saa yangu ya ukutani: mshale kwenye moja,
mdomo wangu ukisema saa saba,
na hakuna aliyechelewa.

Mara nyanya. Marikiti, fungu ni tano;
ya sita mwuzaji huitupia mfukoni bila kuitazama.
"Nyongeza," akasema, "haimo kwenye sheria,
haimo Ngong. Iko wapi?"
Sikujua. Niliendelea kuchapa.

Makala ya tatu ilikoma katikati, penye "kwa hiyo".
Chini yake hakuna kitu,
na ukurasa uliofuata mweupe.
Macho yake sasa yalikuwa na ukungu;
alizipapasa karatasi kwa kidole gumba.
"Kumi na mbili," akasema.
Kumi na moja, Profesa. Huu wa mwisho mtupu.
Akafungua pochi, akazipanga sarafu mezani, polepole.
"Hesabu na huo."