Bahari Ndani ya Kila Neno

Jioni ya kwanza nilishindwa kutoka.
Si mlangoni; mlango upepo uliusukuma wazi
kama mdai aliyechoka kubisha.
Nilishindwa kutoka ndani ya faili.
Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile,
skrini nyeusi ikanirudishia herufi zangu mwenyewe,
mwisho nikachomoa waya ukutani,
na aibu nikaivaa hadi kituo cha basi.

Asubuhi Rannvá hakucheka.
Vidole vimempinda kwa baridi yabisi,
miaka ishirini na sita ndani ya kamusi hii ya Kifaro.
"Kipanya? Nilimpa paka."
Akanionyesha kitufe cha kona, juu kushoto:
"Hapo ni nyumbani. Ukipotea, rudi hapo.
Kisha nukta pacha, w, q: umehifadhi, umetoka.
Ukitaka kutoka kwa hasira, q na alama ya mshangao.
Utaondoka mikono mitupu, lakini utaondoka."

Sarufi yake ni fupi.
d ni futa, w ni neno. Weka tatu katikati,
yanakwenda matatu.
c, i, na bano: badili yaliyomo, mabano yaache,
kama anayehamisha wapangaji bila kugusa kuta.
Na nukta, nukta tupu: rudia ulichofanya sasa hivi.
"Hiyo nukta," akasema, "ndiyo iliyoniachia
hivi viganja nilivyobaki navyo."

Mishale aliizima. Katika faili la mipangilio yake
kila mshale umefungwa kwa amri isiyofanya kitu,
pembeni ameandika: mvivu hapiti hapa.
h kushoto, l kulia, j chini, k juu;
siku tatu nilitembea kama mlevi kwenye ngazi.
Chini yake: namba za mistari zihesabiwe kutoka nilipo,
maana sijali huu ni mstari wa elfu ngapi,
nataka kujua ni hatua ngapi hadi kosa lile.
Chini zaidi: kumbukumbu ya kutendua
idumu hata faili likishafungwa.
Pembeni hapo hakuandika neno.

Ikaja Alhamisi, ukungu umeketi juu ya paa za nyasi.
Kamati ilitaka hav, bahari,
iwe sjógv katika mifano yote.
Nikaandika: nukta pacha, asilimia, s, mkwaju,
hav, mkwaju, sjógv, mkwaju, g.
Asilimia, yaani faili zima. g, yaani usibakize.
Mipaka ya neno sikuiweka,
wala c, ile inayouliza kwanza.

Bahari ikamwagika.
Ikaingia katika havn, bandari,
ikaingia katika Tórshavn, mji tuliokaa ndani yake
ukaitwa Tórssjógvn mara mia tatu na kumi na mbili.
Ikaingia hata katika hava, kuwa na kitu,
na hakuna Mfaro aliyekuwa tena na chochote:
kila "nina" imelowa.

Rannvá akainama begani kwangu, ananukia kahawa na sufu.
Maji yakimwagika hayazoleki;
hilo walilisema wasiokuwa na herufi u.
Akaibonyeza. Mara moja, kwa kidole cha shahada.
Bandari zikakauka. Mji ukapata jina.
Watu wakapata walivyokuwa navyo.

"Sasa andika upya, Hjalti. Weka c. Kubali kuulizwa."
Niliulizwa mara elfu moja na tisini.
y, n, n, n, y, n,
hadi taa za gati zikawaka.

Mwaka huu amestaafu. Jumapili nilivuka kwenda Nólsoy
kumsalimu. Alipokuwa akimimina kahawa
mkono ukamsaliti, kikombe kikalala,
weusi ukatambaa polepole
juu ya kitambaa alichofuma dada yake Birita.
Nikakiona kidole chake cha shahada
kikigonga meza, kidogo tu, mara moja.

Tukatazamana.
Kisha akaenda kutafuta tambara.