Kichwa cha Ng'ombe, Juu Kushoto

Ofisi ya jibini iko Himbi, nyuma ya ukuta wa mawe meusi
yaliyowahi kupita mjini yakiwa uji wa moto.
Mama Masika amenilipa nusu. Nusu nyingine kazi ikiisha.
Kazi yenyewe: kuivua programu ya ripoti
jina la watu wa mbali wasiotujua,
kuivika lake.

"Kila asubuhi nikifungua," anasema, "mgeni ananikaribisha kwangu."
Kweli: buluu ya barafu, mshale unaopaa,
na chini ya mshale, kama watoto wa kambo,
kilo za Masisi, maduka matatu, madeni ya Ndosho.
"Nilianza na ndoo mbili, kichwani. Niandikie jina."

Nembo kwanza. Fundi Paluku, mchoraji wa mabango ya baa kule Birere,
alikwisha kumchorea ng'ombe mwenye miguu mitano,
au minne na mkia: hakuna aliyethubutu kuuliza.
Lakini kisanduku cha nembo, juu kushoto,
ni chembamba kama tundu la barua.
Nikambana ng'ombe, akawa mbwa.
Nikambana tena, akawa mstari.
Mwishowe nikakata kichwa, nikakiacha peke yake
kikitazama jumla za mwezi kwa jicho moja.
"Anaona," mama akasema. "Yatosha."

Rangi sasa. "Nataka ya jiwe letu."
Nikaweka nyeusi; tarakimu zikazama humo, hata faida.
"Hiyo makaa," akasema. "Jiwe likinyeshewa haliko vile."
Ikabidi kungoja mvua. Huku haichelewi.
Nikachuchumaa ukutani, simu mkononi,
chukudu ya viazi ikinikwepa, mwenye nayo akinitukana taratibu,
nikapiga picha ya tone likiteleza,
nikarudi nayo ndani, nikaichokoa
mpaka ikatoa siri yake: alama sita, herufi na namba,
kijivu chenye buluu ndani yake, kama chuma kilicholala nje.
Nikabofya hifadhi.
Umeme ukakatika.

(Jenereta. Petroli. Mlinzi na mpira wa kunyonyea. Upya, tangu ng'ombe.)

Jioni ukurasa ukasimama: jiwe pembeni, maziwa katikati,
jina lake limekaa kama mtu aliyekuja na kiti chake.
Akavaa miwani. Akashuka na kidole, polepole,
kikagota kwenye Februari.
"Na hii nyekundu? Haiko rangi yetu."
"Ile si rangi, mama. Ile ni lori lililolala njiani siku tisa."
"Najua lori. Mi nauliza rangi.
Watu wa benki wanakuja Alhamisi."

Kisanduku kilikuwepo. Cha nane, mwisho kabisa: *chini ya sifuri*.
Mbofyo mmoja, na hasara yote ingevaa sare ya kampuni.
Kidole changu kilikuwa tayari juu yake, siwezi kudanganya.
Tulisikiliza jenereta.
"Basi ipunguze," akasema. "Isipige kelele. Lakini ionekane."
Nikaishusha hadi tofali. Hadi nyanya iliyokauka juani.
Sijui hata leo kama nilifanya vizuri.

Mguuni mwa ukurasa, kwa herufi za sisimizi,
jina la wale wa mbali bado lipo:
kulifuta ni dola arobaini zaidi kila mwezi.
Mama akacheka hadi miwani ikashuka.
"Waache. Hata aliyehama nyumba huacha msumari."

Akanihesabia nusu yangu. Noti ya tatu
ilikuwa na mpasuko ukingoni, mdogo kama ukucha wa mtoto.
Nikairudisha. Hakubisha; akatafuta nyingine.
Sura ile ile, rangi ile ile, ishirini ile ile,
na Birere nzima isingeipokea.