Alama ya Kutoa

Fomu imefika kutoka Tbilisi, kurasa mbili,
vijisanduku vyake vitupu kama mapengo ya darasa la kwanza:
"Sababu ya mwanafunzi kufeli hisabati. Weka tiki moja."
Moja tu.

Nimeketi nayo kando ya jiko la kuni,
theluji ya Februari imepanda hadi kizingiti cha dirisha,
na jina la kwanza katika orodha yangu ni Lamzira,
alama kumi na moja kwa mia.

Vuli alipata sabini na nne.
Nilimwandikia "vizuri" kwa wino mwekundu,
ndio pekee niliokuwa nao.
Kisha mama yake akapanda basi la kwenda Bari
kumtunza ajuza wa watu, kumwogesha, kumlisha,
na hela zikaanza kuingia kila tarehe tano,
na alama zikaanza kushuka.
Sanduku la tatu: Mazingira ya nyumbani.

Lakini ngoja. Desemba hiyo hiyo kuni zilipungua,
nikawasogeza wafupi karibu na jiko, warefu nyuma kabisa,
na Lamzira ni mrefu kama mlingoti.
Sanduku la sita: Majengo na vifaa.

Na lipo la nane, ambalo nalipita haraka: Mwalimu.
Siku ya sehemu nilikuwa nimechoka.
Aliuliza mara ya pili kwa nini nusu ya nusu
haiishi ikawa sifuri, ukiigawa, ukiigawa.
Nikasema, "Wenzako wanataka kwenda nyumbani."
Darasa likacheka. Mkono ule haukunyanyuka tena.

Jumamosi nikaenda sokoni kununua jibini.
Babu yake, Bichiko, alikuwa akipiga soga na muuza asali,
mezani yupo Lamzira na mizani.
Kilo moja na robo, kilo ni lari kumi na nane,
nikampa noti ya hamsini.
"Ishirini na saba na nusu," akasema,
akanihesabia chenji kabla sijafunga pochi.

Usiku nikalifungua daftari lake upya.
Kurasa arobaini, mwandiko safi, na hakuna,
hakuna hata pamoja, alama ya kutoa.
Hasi tatu kwake ni tatu.
Saba toa tatu, zimekaa mbalimbali kama wageni
wasiojuana kwenye benchi la hospitali.

Jumatatu nikaenda kuketi kwenye dawati lake.
"Pale ubaoni unaona nini?"
Akakunja uso. "Saba. Halafu tatu."
"Na katikati?"
"Vumbi la chaki, mwalimu."

Kutoa ni moyo, watu husema.
Mimi miaka ishirini na mbili nafundisha kutoa,
na sikuwahi kuliwaza neno hilo
mpaka kifurushi kilipotoka Bari:
miwani ya fremu ya kahawia, pana kuliko uso wake,
imefungwa ndani ya soksi ya sufi.
Kuna mtu alijitoa nyumbani
ili mwanawe aione alama ya kutoa.
Hesabu ya namna hiyo siwezi kuiandika ubaoni.

Msidhani mambo yalinyooka.
Jaribio la Machi alipata arobaini na tisa,
na kufaulu ni hamsini na moja.
Macho yalipona. Lile swali la nusu bado limo ndani,
ninalijua, mimi ndiye niliyelifungia mlango.

Tarehe ya kurudisha fomu imepita.
Iko chini ya birika, ina duara la chai juu ya sanduku la nane.

Alhamisi nilisema, "Nusu ya nusu. Kuna mtu
aliwahi kuniuliza, nami sikumjibu."
Nyuma kabisa mkono ukapanda hadi begani,
ukasita, ukajikuna nywele
kana kwamba ndiko ulikokuwa ukienda.

Nikaweka chaki chini.
Nikasubiri.