Jiwe la Mtumba

Kwa Ndekirwa, nyuma ya stendi ndogo,
yamepangwa kwenye trei ya mayai:
thelathini, kila moja shimoni mwake,
mabati ya kijivu yenye namba zilizofutika nusu.
"Prosesa za seva hizi," anasema,
"zimetoka Ulaya, benki, sijui bima.
Zimepiga kazi usiku na mchana miaka saba,
hazikuzimwa hata Krismasi."
Anasema hivyo kama mtu anayemsifia punda.

Nauliza bei. Elfu arobaini na tano.
Jipya la aina hiyo halikuwahi kufika Arusha;
lingefika, lingedai kiwanja.

Mimi nachora ramani za nyumba.
Laptopu yangu, mteja akitaka kuona sebule yake
na jua la saa kumi likiingia dirishani,
huanza kuhema magharibi,
na alfajiri ndiyo kwanza inafika kwenye pazia.
Nataka viini kumi na vinne.
Nataka kibarua, si mrembo.

Nachagua la safu ya pili.
Mgongoni lina ukoko wa dawa ya joto,
mkavu kama ugali wa sufuria ya juzi.
Nalipangusa kwa ncha ya khanga, navuka barabara
hadi kwa Lekishon, dalali wa mawe,
kuazima kile kilenzi chake cha jicho moja.

Analitazama yeye kwanza. Desturi ya kazi.
Analigeuza juani, analipulizia,
anafuata vidoa vya dhahabu mstari kwa mstari.
"Limepikwa hili?"
Miaka saba, namwambia.
"Basi halibadiliki tena.
Jiwe bichi ndilo la kuogopa."
Anataka kujua karati ngapi.
Hili halipimwi, namwambia, hili huulizwa maswali.

Narudi. Arobaini. Arobaini na mbili. Anakataa.
Kuna jamaa wa Unga Limited, anasema,
huyachukua yote kwa kilo, huyalowesha kwenye tindikali
apate dhahabu ya kuziba jino la panya.
Nafikiria miaka saba ya kuhesabu pesa za watu
kuishia kwenye ndoo ya plastiki.
Natoa arobaini na tano.

Sasa usicheke.
Ubao wa Kichina ulikuja na basi kutoka Dar,
umeviringishwa magazeti. Ram nilikopa.
Nikakaza skrubu nne kwa mshazari, kama gurudumu,
nikawasha. Feni ikavuma. Taa ikawaka.
Kioo, giza.
Siku tatu, giza.
Nikang'oa, nikarudisha, nikaomba, nikatukana.
Nikamchukia Ndekirwa na uzao wake.

Ni mdogo wangu Nasieku aliyeuliza, akitafuna muhogo,
"Kwani huko benki lilikuwa linatazama nini?"

Halikuwa linatazama kitu.
Miaka saba kwenye chumba cha baridi, bila kioo, bila mtu,
lilipewa hesabu gizani, likajibu gizani.
Ubongo huu haukuumbiwa jicho,
na mimi nilikuwa nikiusubiri unikonyeze.

Jicho nikalipata Kaloleni, kwa vijana wa gemu:
kadi ya picha, feni moja imevunjika panga,
elfu thelathini, na soda juu yangu.

Julai hii Sakina ina ukungu hadi saa nne.
Mashine iko chini ya meza, miguu yangu imeegemea pembeni,
soksi za Nasieku zinakauka nyuma ya feni.
Inakula luku, siwezi kuficha;
mwenye nyumba ameshasimama mara mbili mbele ya mita
kama anayesoma tangazo la msiba.

Dakika kumi na moja. Sebule ya Mama Kaanaeli imetokea:
jua la saa kumi, kochi,
kivuli cha grili kimelala sakafuni.
Kiwanja chenyewe bado kina mahindi.
Nampigia simu aje aone.
Atakuja, anasema,
ila kwanza nimwongezee baraza.