Wingu la Skaidrite

Liepaja, Februari. Skaidrite huuza soksi za sufu;
seva yake yanguruma chini ya ngazi, jirani na viazi.

Mshauri kachora mawingu matatu ubaoni:
la kukodi, la kumiliki, la mseto.
“Unalipa ulichotumia tu.”

Dalili ya mvua ni mawingu;
ya ankara, vilevile.

Skaidrite ahesabu kwa vidole:
Desemba, oda elfu tisa.
Julai, kumi na moja,
mbili zikiwa za dada yake.

“Basi nipe la kutanuka na kunywea, kama soksi.
Ila vipimo vya miguu ya wateja wangu
vilale hapahapa, kwenye viazi.”

Mshauri afuta mawingu mawili, abakisha la mseto,
na chini yake, bila kuulizwa,
achora kiazi.