Wiki ya Nne

Kikohozi kilikuwa cha siku mbili, si zaidi.
Tazio alikohoa, akala mkate, akamsumbua paka.
Yamepita, akasema Ornella, akageukia misiba mingine,
maana bondeni kwao, karibu na Bergamo,
hata kengele za kanisa zilikuwa zimepumzishwa.

Wiki ya nne mtoto aliamka macho mekundu
kama aliyelala jikoni kwenye moshi.
Ulimi, tunda la forosadi.
Tumbo linamkata, viatu havimwingii.
"Mama, kifuani kuna mtu anakimbia."
Akatega sikio. Kweli, alikuwepo,
anakimbia, na hakuna anayemfukuza.

Mwizi alishatoroka, alieleza daktari Pesenti,
polepole, barakoa ikimezameza maneno:
mwizi katoroka zamani, ila walinzi wa mwili
hawajapata habari. Wameingia ndani na marungu,
wanawapiga wenye nyumba.

Jeli baridi kifuani. Moyo kwenye kioo,
kijivu, kama samaki mdogo anayetapatapa.
Mzazi anayeruhusiwa ni mmoja.
Ermes, babake, yuko chini kwenye maegesho,
anahesabu madirisha, anakosea,
anaanza tena.

Siku ya kumi na moja homa imeshuka,
na ngozi ya vidole ikaanza kubanduka,
nyepesi kama ganda la kitunguu.
Tazio aliipanga juu ya shuka, kipande kwa kipande.
"Hii ya zamani. Usiitupe, nataka baba aione."

Ornella, aliyemzika mamake mwezi wa tatu
bila kutokwa na chozi,
akakililia kile kipande cha kidole gumba.