Kamba ya Milimita Nne

Baba hufunga tanga mara moja, asubuhi,
mguu umekanyaga kitako cha mlingoti,
kamba kaizungusha kiganjani hadi vidole vigeuke vyeupe.
Akishafunga, amefunga.
Upepo ukibadilika, na ubadilike.
Miaka arobaini na mmoja katika ghuba ya Puck,
mbele maji ya magoti, nyuma treni iendayo Hel,
na tanga lile lile, tumbo lile lile,
dogo mno saa nne, kubwa mno saa nane.
“Tanga si redio,” husema,
“ukae unazungusha kitufe.”

Mwaka huu vidole vimemgomea.
Chai humwagika kabla haijafika mdomoni.
Hasemi, nami siulizi.
Ila Jumanne nilimwona nyuma ya karavani
akiivuta kamba kwa meno.

Usiku nikauchukua upinde wake wa kushikia,
ule wa alumini, uliokwaruzwa ukakwaruzika,
nikaulaza mezani kati ya sufuria na gazeti.
Wiesław wa dukani Jastarnia alinipa makapi matatu
na kishikizo chenye meno, kwa deni.
Kamba ninayo: kijivu, milimita nne,
haiongezeki urefu hata ukiitundika ng'ombe.

Inapita hivi, na nilikosea mara mbili:
fundo la nane kwenye pembe ya tanga,
kwenda hadi mwisho wa upinde, zunguka kapi,
rudi pembeni, zunguka,
nenda tena, zunguka la tatu,
kisha ilale ubavuni mwa upinde kama mshipa wa mkono
hadi mbele, pale kiganja kifikapo bila kunyooshwa,
na hapo meno yaiume.
Mara ya kwanza ilijisokota.
Mara ya pili nilisahau fundo la mwisho,
ikachomoka yote, ikaanguka chini ya meza,
nikaitazama kama mtu aliyetukanwa.

Njia tatu: kilo thelathini za upepo
mkono unalipa kumi, na senti chache za msuguano.
Nikatia alama kwa kalamu,
nyekundu hapa kwa tumbo, nyeusi kule kwa ubapa.

Asubuhi aliukagua upinde
kama mtu anayemkagua mkwe asiyemchagua.
“Brygida. Nani kaniwekea njia ya treni hapa?”
“Si lazima uiguse.”
“Sitaigusa.”

Nilikaa na chupa ya chai kwenye nyasi.
Saa tano magharibi ilianza kusukuma kweli,
maji yakatoa povu, misonobari ikainama.
Vijana wa Warszawa walirudi pwani mmoja mmoja,
wakatambaa mchangani, wakifungua, wakivuta,
wakilaani mafundo yaliyolowa.
Baba hakurudi.
Alikuwa anapiga bisho, mbali, karibu na maboya,
tanga limejaa kama mto wa kulalia,
linamvuta atakako lenyewe.

Halafu mkono mmoja ukaachia upinde.
Muda wa chafya tu.
Na nikaona, kwa macho yangu, kutoka nyasini,
tumbo likiingia ndani,
tanga likawa bapa kama mlango,
ubao ukakaa sawa, ukapanda upepo.

Nilikunywa chai iliyokwisha poa. Sikumpungia.

Aliporudi, upepo mgongoni, lilikuwa na tumbo tena.
Akatembea majini, akiburuta ubao, midomo ya bluu.
“Kamba ndefu mno,” akasema. “Inanichapa goti.”
Nikaleta kisu, nikakata shibiri moja.
Yeye akawasha kiberiti ili ncha isifumuke;
mwali ulikuwa ukicheza huku na huku,
basi nikaipeleka kamba kwenye mwali.
Ikayeyuka, ikanuka, ikaganda.

Akaisugua kwa kidole gumba, muda mrefu.
Kisha akaugeuza upinde, akatazama mkono wake mwingine,
ule mtupu, usio na kapi wala kishikizo.

“Na nikigeuka je?” akauliza.
“Upande huu nivute nini?”